Usimimine galoni nzima ya lita 4

Ndugu, umeeleza kwamba unabadilisha oili ya Toyota IST yako nyumbani, injini 1NZ-FE ya cc 1500, na unauliza kama umimine galoni yote ya lita 4. Hapana. Injini hiyo huchukua takriban lita 3.7 ukibadilisha na filta, au lita 3.4 filta ikibaki ileile.

Egesha gari mahali tambarare, mwaga oili ya zamani injini ikiwa na uvuguvugu, na uhakikishe mpira wa filta kuukuu haukubaki umenata kwenye injini, kwa maana mipira miwili ikipandana oili itavuja yote. Ukishafunga nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), mimina lita 3.5, washa gari kwa dakika moja ili filta ijae, zima, subiri dakika 5, kisha chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe hadi mwisho na ukisome upya. Ongeza kidogo kidogo mpaka oili ikaribie alama ya juu. Mimi huamini kijiti kuliko namba, kwani oili ya zamani haitoki yote.

Oili ikizidi, krankishafti (mhimili unaozunguka ndani ya injini) huipiga ikatoa povu, na povu halilainishi vyuma ipasavyo. Mara ya kwanza nilizidisha karibu nusu lita, nikalazimika kulala tena chini ya gari kuipunguza. Ukiwasha gari na taa ya oili ikaendelea kuwaka baada ya sekunde chache, zima injini mara moja na umwite fundi.