Usifyatue Kabla Hujajua Umepakia Nini

Kuna msomaji wa Mafinga kaniandikia wiki hii: "Kaka, T-34 zangu zinaipiga Tiger mpaka makombora yanakwisha, nayo inasonga tu. Hivi hili gemu lina upendeleo?" Halina, mdogo wangu. Ujumbe wako umenikuta bado nina furaha ya Jumamosi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Gemu lenyewe ni Men of War: Assault Squad 2, la mkakati wa Vita Kuu ya Pili, lililotoka mwaka 2014. T-34 ni kifaru cha Wasovieti, na Tiger ni kifaru kizito cha Wajerumani. Kwenye banda letu hapa Mwanjelwa bado linapigwa kila wikiendi. Humo kila kifaru kina makombora ya kuhesabika. Yakiisha, ama ulete lori la risasi ama ukae unatazama. Wengi wanaona huo ni usumbufu. Kwangu utamu wa gemu uko hapo hapo.

Jumamosi tulikutana na vijana wa Uyole. Mwishoni nilibaki na T-34 moja, ile ya mzinga wa milimita 76, imejibanza nyuma ya nyumba iliyoungua. Tiger yao inashuka barabarani taratibu, na kwenye uzio wa kijiji wameficha mzinga wa kuzuia vifaru. Wenzangu wanapiga kelele: "Ipige! Ipige sasa hivi!" Sikuigusa. Nilipakia HE, kombora la mlipuko, nikawaondoa kwanza wale wa kwenye uzio, maana wangenimaliza mara tu nikitokeza pua. Halafu nikabadili, nikaweka APCR, kombora maalumu la kutoboa chuma kinene, nikatulia. Tiger ikafika kona, ikageuka kuwafuata askari wangu wa miguu waliokuwa wanakimbilia shambani, na ubavu wote ukabaki wazi mbele yangu, karibu kabisa. Kombora la kwanza likaingia. La pili likawasha moto. Banda zima likasimama.

Yupo jamaa ambaye siku zote huniita "karani wa ghala" kwa sababu nahesabu makombora. Nasema wazi kwamba maneno yale yaliniuma, maana aliyasema mbele za watu, na watu wakacheka. Jumamosi alikuwa amekaa jirani yangu na hakuwa na la kusema.

Sasa tuje kwako. Tiger ina chuma cha milimita 100 mbele na 80 ubavuni. AP, yaani kombora la kawaida la kutoboa chuma, ya mzinga wa milimita 76 haina ubavu wa kupita mbele pale, hata ukesha unapiga. Ulalo wa chuma nao una kazi yake: T-34 yako ina chuma cha milimita 45 tu kwa mbele, lakini kimelazwa nyuzi 60 kutoka wima, kwa hiyo kombora linalokuja moja kwa moja linakutana na unene wa milimita 90. Tiger nayo ikikaa mshazari inajiongezea unene hivyo hivyo. Ndiyo maana nasisitiza ubavu. Zunguka, ngoja, tafuta ubavu.

APCR ina kiini cha tungisteni ndani ya mwili mwepesi. Inatoka kwa kasi kubwa na inatoboa sana ukiwa karibu, ila kwa wepesi wake inapoteza nguvu haraka umbali ukiongezeka, na kwenye chuma kilicholala inateleza kirahisi. Unapewa chache, na hata vitani zilikuwa chache. Wajerumani walitegemea sana tungisteni ya Ureno na Hispania, na Juni 1944 Ureno ikafunga mlango. Mtu anayemwaga APCR kwa gari la kawaida la deraya hanielewi, nami simwelewi.

HEAT, kombora jingine la kupigia vifaru, hutoboa kwa mlipuko uliokusanywa mbele, kwa hiyo mbali na karibu nguvu ni ile ile. Shida yake ni mwendo wa polepole, hivyo ipigie kifaru kilichosimama.

HE ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na dharau hiyo inawagharimu watu mechi nyingi. Askari wa miguu, mizinga iliyofichwa, nyumba zenye watu ndani, hizo zote ni kazi za HE. Vijana wenzangu, tunapenda mno kuua vifaru. Tunataka kelele za banda. Anayeshinda mechi ni yule aliyesafisha njia kwanza, na njia inasafishwa kwa HE. Angalia kilicho mbele yako, kisha ndipo uchague kombora. Ukishapiga, angalia tena.

Leo usiku ukicheza, acha AP iwe ndani kama kawaida, APCR usiiguse mpaka uone ubavu wa kitu kizito. Lori la risasi liweke nyuma ya kilima, lisikae barabarani, na lisisogee karibu na vifaru vyako mpaka mapigano ya eneo hilo yamekwisha.