Kikombe Kipi? Wasomaji Walivyonifundisha Kuandika

Makala yangu ya kwanza ilihusu mkate wa kumimina, na ilikuwa na kosa ambalo sikuliona kwa miezi mitano. Niliandika kwamba vikombe viwili vya mchele uliolowekwa usiku kucha visagwe pamoja na vikombe viwili vya tui la nazi, sukari, hiliki na hamira, kisha uji huo uachwe uumuke kabla ya kumiminwa katika sufuria iliyopashwa mafuta. Kwangu mkate ulitoka vizuri kila mara, kwa hiyo nilidhani nimeeleza vizuri. Kisha msomaji mmoja, aliyejitambulisha kuwa ni mama wa watoto watatu anayeishi Morogoro, aliniandikia mistari minne tu: amejaribu mara mbili, mara zote mbili uji umekuwa mwepesi kama maziwa na mkate umebonyea katikati, nazi na sukari hazipatikani bure, na je, hicho kikombe ninachokitaja ni kikombe kipi?

Nilikwenda jikoni nikavitazama vikombe vyangu. Mchele nilikuwa naupima kwa kikombe kikubwa cha bati, kile cha rangi ya samawati kilichobanduka ukingoni, na tui nilikuwa nalipima kwa kikombe cha kaure cha kunywea chai, ambacho ujazo wake ni kama theluthi mbili ya kile cha bati. Mama yangu alifanya hivyo, nami nikafanya hivyo maisha yangu yote bila kujua kwamba nafanya. Katika maandishi, vyote viwili vilikuwa vimegeuka "kikombe". Aliyekuwa na kikombe kimoja tu nyumbani kwake, na ndivyo walivyo wengi, alikuwa anatia tui lililozidi kwa nusu nzima.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu huniuliza mara kwa mara kwa nini nina blogu ya mapishi wakati hainilipi, na kwa nini napoteza jioni mbili kila wiki kuwajibu watu nisiowafahamu. Jibu la maswali yote mawili ni moja, nalo limo katika vile vikombe.

Sababu za kuanza kuandika hazifanani. Yupo anayetaka jina, yupo mwenye bidhaa ya kuuza, yupo aliyefiwa na mzazi akaogopa kwamba aliyoyajua mzazi yatazikwa pamoja naye, na yupo aliye ughaibuni ambaye siku nzima hazungumzi Kiswahili na mtu, hivyo usiku hukaa akakiandika. Mimi nilikuwa wa kundi la tatu. Hakuna sababu ya kuona haya hata kama yako ni ya kutafuta fedha, ingawa kwa uzoefu wangu anayeanza kwa kutegemea malipo ya matangazo huacha kabla ya mwaka kwisha, maana fedha hizo huja kwa kudondoka. Sababu ya kuanza, hata hivyo, ni jambo jepesi. Jambo zito ni sababu ya kuendelea pale hamu ya mwanzo inapopoa, na hapo sijaona kinachomshikilia mwandishi kuliko kujua kwamba upande wa pili kuna mtu anayejaribu kile alichokiandika, kikamfaa au kikamharibikia.

Wala jambo hili si geni kwetu kiasi hicho. Washairi wa Kiswahili hawakuwa watu wa kutunga na kunyamaza. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alitunga akijibizana na washairi wa upande wa Lamu, na shairi lililotoka bila kujibiwa lilikuwa kama salamu isiyoitikiwa. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923 lilipokea mashairi na barua za wasomaji, na humo ndimo yalimotoka mengi ya mashairi ya awali ya Shaaban Robert. Msomaji wa gazeti lile alikuwa pia mwandishi wake. Mtu aliyekulia katika desturi ya namna hiyo, na katika mitaa yenye vibaraza ambako mpita njia huketi akachangia mazungumzo asiyoyaanzisha, hana haja ya kufundishwa na mgeni kwamba wasomaji wana la kusema.

Wenzetu waliotangulia mtandaoni walilielewa hilo mapema. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha za magazeti, alianzisha blogu yake mwaka 2005, na ilipata umaarufu, Watanzania waliosambaa duniani wakiifungua kila asubuhi kutazama harusi, misiba na mikutano ya nyumbani. Alipowataja wasomaji wake aliwaita wadau, nao wakamwita Ankal. Neno mdau lina uzito wake: mtazamaji hutazama akaenda zake, bali mdau ana sehemu yake katika jambo.

Mfano ulio mkubwa zaidi unatoka Kenya. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika blogu iitwayo Kenyan Pundit, aliwaomba wasomaji wake wamtumie habari za yaliyokuwa yakitokea mahali walipo. Habari zikaja nyingi kuliko uwezo wa mtu mmoja kuzichapa na kuzipanga, naye mwanzoni mwa Januari 2008 akauliza kama miongoni mwa wasomaji wapo mafundi wa kompyuta wanaoweza kuziweka katika ramani. Waliitikia, na katika siku chache ikazaliwa Ushahidi, programu ambayo baadaye ilitumika katika nchi nyingi wakati wa maafa na chaguzi, ikiwemo Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Ninachokiona katika habari hii ni kwamba Okolloh alikwisha jenga mazoea ya kuzungumza na watu wake kabla ya siku ya shida. Angekuwa ni mtu wa kuandika na kufunga mlango, siku ile angeuliza na asingepata wa kumjibu.

Basi nirudi jikoni kwangu. Nilipopata ile barua ya Morogoro kishawishi changu cha kwanza kilikuwa kurekebisha vipimo kimyakimya, ili atakayefungua makala baadaye aone kwamba nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Sikufanya hivyo, na wema wenyewe ni wa mume wangu aliyeniuliza, "Na yule mama aliyemwaga nazi zake mbili, yeye atajuaje?" Niliweka maelezo juu kabisa ya makala, pamoja na tarehe, nikakiri kosa na kueleza kisa cha vikombe viwili, kisha nikauliza swali moja: wewe unapimaje tui la mkate wako?

Katika wiki mbili nilipata barua nyingi kuliko nilizozipata miezi yote iliyotangulia. Dada mmoja aliyekulia Unguja na sasa anaishi Maskati alieleza kwamba yeye hapimi kabisa kwa kikombe. Hutia mchele uliolowekwa katika blenda, humimina tui mpaka lifunike mchele tu, husaga, kisha hujaribu uji kwa kuinua mwiko: ukianguka kwa utepe mmoja usiokatika, tosha, ukidondoka matone, tui limezidi, ukikatikakatika vipande, ongeza kijiko kimoja kimoja. Mwalimu mstaafu wa Pemba, aliyeniita "mwanangu" katika kila mstari, aliongeza jambo ambalo sijawahi kulisikia hata kwa mama yangu, kwamba mchele mpya hunywa tui kidogo na wa zamani hunywa zaidi, kwa hiyo hata kikombe sahihi kitakudanganya msimu ukibadilika. Msomaji mwingine alinikumbusha kwamba sikusema tui liwe na joto gani, na kwamba hamira hufa katika tui la moto. Ukitia kidole na huwezi kukistahimilisha, subiri.

Makala ile sasa ni ndefu mara mbili ya nilivyoiandika, na nusu iliyo bora si yangu.

Kwa anayetaka kuanza, au aliyekwisha kuanza na anaona kimya kimemzidi, nasema haya kwa jinsi yalivyonitokea. Msomaji hajibu swali la jumla. Kwa muda mrefu nilimaliza makala zangu kwa kuandika "karibuni kwa maoni", na hapana aliyekaribia, kwa kuwa mtu anayekwambia "karibu" huku ameshafunga mlango anajulikana. Uliza jambo dogo ambalo msomaji analijua kwa mikono yake: kwenu jambo hili mnaliitaje, mnalipika kwa moto wa juu na chini au wa chini peke yake, nani alikufundisha. Ukijibiwa, jibu mapema, na ujibu lile aliloliuliza. "Asante kwa maoni yako" iliyobandikwa chini ya kila barua humvunja mtu moyo kuliko kimya. Anayeandika kwa shikamoo mwitikie marahaba au mpe shikamoo yake kwa kadiri unavyouona umri wake katika maneno yake, kwani adabu haikuondolewa na mtandao. Swali likirudi mara tatu, tatizo liko kwenye makala, si kwa wauliza.

Kuhusu barua kali, nina aibu yangu ya kusimulia. Mtu mmoja aliniandikia kwamba pilau niliyoieleza ni wali wa viungo uliopewa jina lisilo lake, na akataja sababu tano. Nikaifuta barua. Mwezi mmoja baadaye, nilipopika kwa wageni wa harusi na sufuria kubwa ikanishinda, nilikumbuka kwamba sababu yake ya pili ilihusu hasa maji yanavyopungua katika sufuria kubwa, na sikuwa na namna ya kumpata tena. Tangu hapo naigawa barua kali sehemu mbili, tusi na hoja, nalitupa la kwanza na kujibu la pili, na sijibu chochote baada ya saa tatu za usiku. Matusi matupu nayafuta bila majuto. Hapa Tanzania jambo hili lina upande wa sheria pia: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimpa mwenye blogu wajibu juu ya yale yanayochapishwa kwake na wengine, na zilikuja na ada zilizofika shilingi milioni 2.1 kwa jumla, hali iliyowafanya wengi wafunge blogu zao mwezi Juni mwaka ule. Masharti yamebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa hiyo anayeanza leo asitegemee aliyoyasikia kijiweni, bali asome kanuni zinazotumika sasa.

Siku hizi nusu ya wasomaji hawaandiki tena hadharani, huniletea ujumbe wa WhatsApp, mara nyingine wa sauti, na humo husema mambo ambayo wasingeyasema mbele ya watu. Nikitaka kuyatumia katika makala naomba ruhusa kwanza na naacha jina. Mara mbili nimenyimwa ruhusa, na mojawapo ilikuwa siri ya achari ya maembe ambayo ningeipenda sana kuichapisha.

Juzi dada mmoja wa Bujumbura ameniuliza kama unga wa mchele wa dukani unaweza kushika nafasi ya mchele wa kuloweka, maana blenda yake imeungua. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza mkate ulikuwa na chengachenga, mara ya pili nililoweka unga wenyewe katika tui kwa saa nne na ukawa afadhali, ila haukuumuka vya kutosha. Nimemwandikia hivyo hivyo, pamoja na vipimo vyote, nikataja na kikombe nilichotumia, na kumwomba anieleze yeye atakapojaribu.