Umefika Uhuru mara mbili? Kwenye kamba bado ni mwanafunzi

Mkuu mleta uzi, swali lako nimelisoma nikajiona mwenyewe miaka michache nyuma. Unasema umefika mara mbili Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, sasa uko Marekani kimasomo, na umeona tangazo la safari ya siku tatu ya kuwafundisha wasiojua lolote kupanda milima yenye mito ya barafu. Unajiuliza kama kwa mtu wa Kilimanjaro hiyo si hela ya kutupa. Wachangiaji wawili hapo juu wamekwambia achana nayo, video za mtandaoni zinatosha. Naomba niwapinge, maana safari ya namna hiyo nimeilipia kwa jasho langu, zaidi ya dola elfu moja, na sijutii hata senti.

Mimi ni mtoto wa Marangu. Kabla ya kuja huku nilibeba mizigo ya wageni misimu minne, mmoja wa wale wanaoitwa wagumu. Kwa hiyo nilipojiandikisha kupanda Mount Baker, kaskazini mwa jimbo la Washington, nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Mlima una mita 3,286. Horombo, kambi ya njiani kupanda Kilimanjaro, iko mita 3,720. Yaani kilele chao kiko chini ya pale ambapo wageni wetu hukaa kula bisi na chai wakisubiri chakula cha jioni!

Nilichokuwa sikijui ni kwamba Kilimanjaro hatupandi barafu, tunaipita pembeni. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, watu wa kwanza wanaojulikana kufika kileleni, walipofika juu, Purtscheller alilazimika kuchonga ngazi kwenye barafu kwa shoka. Leo njia za wageni ni vumbi na changarawe hadi kwenye kibao cha Uhuru. Kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 hivi ya eneo la barafu yetu ilitoweka. Baker ni habari nyingine kabisa. Msimu wa 1998/99, kituo cha kuteleza kwenye theluji kilicho jirani na mlima huo kilipima karibu mita 29 za theluji, rekodi ya dunia. Theluji ya namna hiyo ikilaliana miaka na miaka inageuka barafu, uzito wake unaisukuma iteremke polepole, na inapopita juu ya mgongo wa mwamba inavutika na kupasuka. Hizo nyufa ndizo zinazoua watu, hasa zile zilizofunikwa na theluji juu ukadhani ni uwanja wa mpira.

Siku ya kwanza haina mengi. Kiongozi alimwaga mabegi yetu kwenye maegesho, akatoa kila nguo ya pamba (jinzi yangu ikabaki garini), tukapanda kupitia Schreibers Meadow na kupiga kambi karibu na ukingo wa barafu ya Easton. Tulikuwa wanafunzi watatu na kiongozi mmoja. Mzigo wangu nilibeba mwenyewe, jambo lililonichekesha peke yangu.

Siku ya pili ndiyo shule. Tulianza na kutembea, kama watoto. Unavaa kramponi, zile njumu za chuma zenye meno 12, halafu unaambiwa usahau unavyotembea. Miguu itanue kama mtoto aliyejikojolea, kila jino liingie kwenye theluji, unyayo wote ukanyage bapa. Mwanzoni nilikanyaga kwa ncha za vidole nikiona ndiyo ushujaa, dakika ishirini baadaye mashavu ya miguu yakawa yanawaka moto. Halafu jino la mguu wa kulia likanasa kwenye suruali ya mguu wa kushoto, nikaenda chini puu! Mahali palikuwa tambarare, ndiyo pona yangu.

Kisha shoka la barafu. Ukiteleza una sekunde chache tu kabla kasi haijakushinda. Mkono mmoja unashika kichwa cha shoka, ule upande bapa ukae karibu na bega, mkono mwingine ushike mwisho wa mpini, ujigeuze kifudifudi na ulikandamize lile jino refu kwenye theluji kwa uzito wa kifua chako. Tulijirusha kwenye mteremko salama, bila kramponi, mara kifudifudi, mara chali, mara kichwa kikitangulia chini. Hiyo ya mwisho, chali huku kichwa kiko chini, hakuna video itakayokufundisha. Ubongo unataka kushika theluji kwa mikono, na mikono haishiki kitu. Nilishindwa mara tano, ya sita mwili ukaelewa wenyewe.

Sasa kamba, na hapa ndipo nilipoaibika. Tulifungwa wanne kwenye kamba moja, kama mita 12 kati ya mtu na mtu. Kanuni ni kwamba kamba ilale imenyooka, iguseguse theluji tu, isikaze na isirundikane. Aliye mbele yako akitumbukia kwenye ufa na kamba imerundikana miguuni pako, atadondoka mita zote hizo kabla hujasikia chochote, na ukija kusikia, unang'olewa na wewe. Mimi nina mapafu ya Marangu, nikawa namkaribia dada aliyekuwa mbele yangu kila baada ya hatua chache. Kiongozi alinionya mara mbili kwa upole. Ya tatu nilikuwa nimeikanyaga kamba kwa kramponi. Akasimamisha msafara wote, akarudi hadi nilipo, akaiinua ile kamba na kunionyesha alama ya jino. Akaniuliza, "Wewe una haraka ya kwenda wapi peke yako?" Sikuwa na jibu. Kwetu "pole pole" tunamwambia mgeni kwa ajili ya mapafu yake, na akichoka anakaa pembeni wenzake wanapita. Kwenye kamba hakuna kupitana. Mwendo ni wa yule anayekwenda taratibu kuliko wote, na kazi yako ni kuangalia kamba iliyo mbele yako, mandhari baadaye.

Jioni tulifundishwa kumtoa mtu kwenye ufa. Nikajitolea kuwa marehemu. Nikashushwa mita tatu hivi ndani ya ufa, nikaning'inia kwenye mkanda wa kiunoni na mapajani. Rangi ya humo ni bluu ambayo sijawahi kuiona mahali pengine, na sauti za juu huzisikii vizuri, unasikia maji yanadondoka tu. Juu wenzangu walifukia upau wa chuma ukiwa umelala kwenye mtaro wa theluji, wakahamishia uzito wangu hapo, wakaweka mpini wa shoka kwenye ukingo ili kamba isizame, kisha wakapitisha kamba kwenye karabina, zile pete za chuma zenye mlango, kwa umbo la herufi Z. Kwa mahesabu mtu mmoja anavuta kwa nguvu ya watatu. Kwa vitendo msuguano unakula sehemu, ila walinitoa. Zamu iliyofuata nilijitoa mwenyewe kwa vitanzi viwili vya kamba nyembamba vinavyobana ukivikalia na kulegea ukivisukuma, kimoja kiunoni, kingine mguuni. Mita tatu zilinichukua karibu robo saa.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu tuliamshwa saa sita, saa saba tukawa njiani. Ni kama kule Kibo tunavyoondoka usiku, ila hapa sababu si mapambazuko ya kupigia picha. Usiku theluji imeganda na madaraja yaliyofunika nyufa yana nguvu. Jua likishapanda yanalainika, kwa hiyo unatakiwa uwe umeshashuka. Karibu na Sherman Crater tulisikia harufu ya kiberiti na kuona mvuke ukitoka, maana ule ni mlima wa volkano na haujalala fofofo. Kwenye saa moja na nusu asubuhi tulikuwa kileleni.

Tukishuka, dada aliyekuwa mbele yangu akazama ghafla hadi kiunoni. Nilishajitupa chini na shoka kabla sijafikiri. Kamba ilikuwa imenyooka. Ilikaza mara moja, basi, akajivuta akatoka, akajifuta theluji na kuendelea. Labda angetoka hata bila mimi. Lakini jana yake ningekuwa nimesimama mita nne nyuma yake na kilima cha kamba miguuni.

Kwa hiyo nenda, mkuu. Viatu kodisha, usinunue kwa safari ya kwanza. Waulize kabla wanafunzi ni wangapi kwa kiongozi mmoja, na kama kuna siku nzima ya mafunzo au ni saa mbili tu njiani kuelekea kileleni. Miwani ya barafu usiache, na mafuta ya jua paka hadi ndani ya matundu ya pua, kwa sababu mwanga unarudi kutoka chini. Usidanganyike na weusi wetu, mimi midomo ilichubuka wiki nzima.

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu mzee wangu Marangu, naye alibeba mizigo ujanani. Akauliza mlima una urefu gani. Nikamwambia hata Horombo haufiki. Akacheka sana, kisha akanyamaza kidogo. "Na mlifungana kamba?" Nikasema ndiyo, wanne. Akaniambia nimweleze vizuri huo umbali kati ya mtu na mtu.