Masomo ya Kwaresima: usisome usiku ukiwa umechoka

Dada, umesema unaanza Jumatano ya Majivu kwa bidii, halafu wiki ya pili unasinzia juu ya Biblia ukishatoka kwenye matatu ya Rongai. Shida ni saa na wingi. Soma asubuhi, dakika 15, kabla ya kushika simu.

Katika masomo ya Misa ya siku hiyo, anza na Injili, uisome mara mbili, kisha rudi kwenye somo la kwanza. Katika Kwaresima masomo hayo mawili kwa kawaida yamechaguliwa yaendane, na hapo ndipo penye utamu. Mfano, Ijumaa ya wiki ya pili: Mwanzo 37, Yusufu anauzwa na ndugu zake, Mathayo 21, wakulima wanamwua mwana wa mwenye shamba. Jiulize wivu ulianzia wapi. Andika sentensi moja tu, si insha.

Tunza daftari: masomo ya siku za kazi za Kwaresima hurudi yale yale kila mwaka, ya Dominika ndiyo yanayozunguka kwa miaka mitatu, Mwaka A, B na C. Ukikosa siku mbili, usilipe deni. Soma la leo. Kulimbikiza ndiko kunakowaangusha wengi.