Kivuko chenye ng'ombe katika picha za Kiholanzi

SWALI: Katika picha za mito ya Uholanzi za karne ya 17 nakutana mara kwa mara na kivuko kilichojaa watu na ng'ombe. Je, wachoraji walichora safari kama zilivyokuwa, au walijitungia?

JIBU: Vivuko hivyo vilikuwapo kweli. Nchi ilikatwakatwa na mito, na penye mto mpana hapakuwa na namna nyingine ya kumvusha mfugaji na mifugo yake. Esaias van de Velde alichora kivuko cha ng'ombe mwaka 1622, katika picha iliyopo sasa Rijksmuseum, Amsterdam; mwanafunzi wake Jan van Goyen, na Salomon van Ruysdael wa Haarlem, wakairudia mada hiyo kwa miaka mingi.

Palipo na shaka ni katika yale waliyoyaacha. Mwaka 1632 Amsterdam iliunganishwa na Haarlem kwa mfereji mpya, ambamo mashua za abiria zilivutwa kwa kamba na farasi aliyetembea ukingoni, zikafuata ratiba na kwenda takriban kilomita 7 kwa saa. Huo ndio uliokuwa usafiri wa kisasa wa watu wa mijini, yaani wanunuzi wenyewe wa picha, lakini wachoraji wa mandhari waliugusa mara chache mno.

Naamini sababu kubwa ni ya kiufundi. Mfereji ulionyooka humpa mchoraji mistari miwili tu inayokwenda kukutana mbali, ilhali mto hujipinda. Katika picha ya Ruysdael ya mwaka 1649 iliyopo National Gallery of Art, Washington, miti mirefu imerundikana upande mmoja, ukingo unashuka kwa mshazari kuelekea upeo wa macho uliowekwa chini sana, na kivuko kilichosheheni kimewekwa pale pale ambapo jicho linahitaji kitu kizito kabla ya kupotelea angani, kwa kuwa anga ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya picha.

Van Goyen alikwenda mbali zaidi. Alipaka rangi chache za kahawia, kijivu na kijani, nyepesi kiasi kwamba nyuzi za ubao huonekana chini yake, na kwa njia hiyo alifanya kazi haraka (alihitaji fedha, maana biashara ya maua ya tulipu ilimtia hasara). Alikusanya michoro ya chaki safarini, kisha akayapanga majengo upya kama alivyopenda, hata lango la karibu na Utrecht likatokea kando ya maji yasiyo yake.

Ukitaka mahali panapotambulika, mtazame Aelbert Cuyp, aliyechora mto Maas penye mji wa Dordrecht mnamo 1650: mnara butu wa Grote Kerk (kanisa kuu la mji huo), ambao haukukamilika, unaonekana wazi nyuma ya mashua zilizojaa watu. Mwanga wake wa dhahabu, hata hivyo, aliuiga kwa wachoraji waliorudi kutoka Italia.