Uliza Rubani: "Ndege imetua sasa hivi, nizunguke tena ya nini?"

SWALI: Shikamoo kapteni. Najifunza urubani hapa Moshi, nina kama masaa 14 tu kwenye Cessna 172. Wenzangu wananiambia ndege kama imetoka kurushwa sasa hivi na mwanafunzi mwingine hamna haja ya kuizunguka yote kuikagua, cheki mafuta panda washa, na instrakta naye muda wote anaangalia saa. Naona aibu kuwachelewesha. Kweli ni lazima?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni lazima, na aibu iweke pembeni kabisa. Ndege aliyoiacha mwenzako sio ile aliyoikuta asubuhi. Inawezekana kabana breki sana wakati anatua tairi likalika upande mmoja, au kokoto imepiga propela, na yeye hata hajui kwa hiyo hawezi kukwambia.

Kingine ni gari la mafuta, huenda limekuja wakati we uko kantini. Hapo ndo nataka nikae kidogo maana yalinikuta. Nilikuwa mwanafunzi, masika, ndege ililala nje usiku kucha mvua inanyesha, asubuhi nikakinga mafuta kwenye kile kikopo cha plastiki nikaona meupe safi hayana mstari wala uchafu nikafurahi nikataka kuendelea, instrakta wangu akanishika mkono akasema hebu nusa. Nikanusa, hamna harufu yoyote. Kikopo kizima kilikuwa maji matupu! Mpira wa mfuniko wa tanki ulishakufa, mvua ikaingia usiku. Mimi nilikuwa natafuta mstari kati ya maji na mafuta, sasa yakiwa maji peke yake mstari utautoa wapi?

Kwa hiyo angalia rangi halafu unuse. Mafuta ya injini ya pistoni, yale ya 100LL, ni ya bluu, na maji ni mazito yanakaa chini ndo maana tunakinga chini ya tanki, na wakishajaza subiri kidogo yatulie kwanza. Ukiona bluu imepauka na kuna harufu ya mafuta ya taa simama hapo hapo, usiwashe, maana pale Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, ndege za Caravan za watalii zinajaza Jet A-1, jamii ya mafuta ya taa, kila siku na kosa la kuchanganya linawezekana. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, la kwako litakauka upesi, la Jet litaacha doa la mafuta. Na Kisongo kuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini hapo tayari haina nguvu zake zote, sio mahali pa kwenda kugundua umebeba maji.

Halafu kile kibomba cha kupimia mwendo chini ya bawa la kushoto, chungulia tundu lake, ila usipulize utaharibu kipimo. Nyigu anajenga na udongo humo. Mwaka 1996 huko Jamhuri ya Dominika Boeing 757 ya Birgenair ilianguka ikaua watu wote 189, na wachunguzi waliona sababu inayoelekea zaidi ni nyigu, ndege ilikaa siku nyingi chini bila kibomba kufunikwa. Mwaka huo huo Peru, 757 nyingine ya Aeroperú, waliiosha wakasahau kubandua utepe wa gundi waliofunikia vitundu vya hewa vya vipimo, watu 70 wakafa. Ilikaguliwa usiku kabla ya kuruka na hakuna aliyeiona.

Oili pima kwa dipstiki. Propela ipapase ukingo wake kwa vidole, ukikuta pengo muite fundi, ufa unaanziaga hapo, ila usiizungushe hata kama funguo uko nao mfukoni, waya wa magneto, kile kifaa cha kutoa cheche, ukikatika injini inaweza kushika. Bawaba za flapu na eleroni, vile vibao vinavyocheza nyuma ya bawa, shika, tikisa, tazama nati.

Mtu akikuongelesha katikati, au simu ikiita, rudi hatua kadhaa nyuma, kama hukumbuki ulipofika anza upya. Instrakta mwambie kwa heshima, "Mwalimu naomba dakika kumi niizunguke yote." Kesho fika hizo dakika kumi mapema, akitokea akukute umeshafika kwenye mkia.