Pini au skrubu kwa nundu ya kidole gumba: mama aulize kwanza mfupa unakatwa wapi

Mkuu, mpe mama pole. Umeuliza achague pini za kutokeza nje au skrubu za kubaki ndani kwenye upasuaji wa nundu ya kidole gumba cha mguu. Mimi nimepitia zote: mguu wa kushoto uliwekewa pini, wa kulia ukaja kuwekewa skrubu.

Pini ni waya mwembamba unaotoboa ngozi hadi mfupani. Bei yake nafuu, na baada ya wiki 4 hadi 6 unachomolewa kliniki tu. Shida ni lile tundu. Mguu haupaswi kulowa maji, na vijidudu wanapata njia. Langu liliwahi kuwa jekundu na kutoa majimaji hadi nikapewa antibayotiki. Kama mama ana kisukari, daktari alijue hilo kabla ya kuamua chochote.

Skrubu huvibana vipande vya mfupa vishikane na hufunikwa na ngozi. Wengi hukaa nayo maisha, ila kichwa chake kikianza kusuguana na kiatu hutolewa. Zipo hata za madini ya magnesi, zinayeyuka zenyewe mwilini. Madaktari wa Hannover, Ujerumani, walizilinganisha na za titani, chuma kisichoyeyuka, kwa wagonjwa 26, wakachapisha mwaka 2013: baada ya miezi 6 matokeo yalilingana.

Ndiyo maana nasema chuma si swali la kwanza. Nundu ile si nyama iliyoota. Mfupa mrefu wa unyayo ulio nyuma ya kidole gumba umesogea kuelekea upande wa ndani wa mguu, kidole kikalalia wenzake. Daktari hupima pembe kati ya mfupa huo na wa jirani kwenye eksrei, na mama apigwe picha akiwa amesimama, kwa kuwa akilala mguu hauonyeshi upindaji wake wote. Pembe ikiwa ndogo, mfupa hukatwa karibu na ncha yake ya upande wa kidole, mkato wa umbo la V uitwao shevroni, na hapo pini au skrubu vyote vinaweza kufaa. Ikiwa kubwa, au kiungo cha katikati ya unyayo kimelegea, huweza kufanywa upasuaji uitwao Lapidus: mifupa ya kiungo kile inaunganishwa ishikane kabisa. Huko nisingekubali ushikizi dhaifu hata kidogo. Ni skrubu imara au bamba, maana mifupa isiposhikana maumivu huweza kuendelea na upasuaji ukarudiwa. Na mfupa usiponyooshwa vya kutosha, nundu inaweza kurudi hata ukiweka chuma cha bei gani.

Kwa hiyo amuulize daktari: unakata wapi, kwa nini hapo, na nitakanyagia kisigino kwa muda gani? Kwangu kulia, kiatu kigumu cha hospitali kilikuwa cha wiki 6, na uvimbe wa jioni uliendelea kwa miezi. Asinunue viatu vipya mapema. Kama ni mguu wa kulia na anaendesha gari, atafute wa kumwendesha mpaka daktari amruhusu.